Salamu Kwanza au Ukweli Kwanza?

Kila nikienda nyumbani likizo, vijana wa Dodoma mjini na hata wale wa pale sokoni Kibaigwa huniuliza swali moja tu: "Kaka, Uholanzi kukoje?" Wenyewe nchi hiyo wanaijua kwa mambo matatu, yaani mpira wa Ajax, maua, na ng'ombe wa maziwa. Wanataka niwahadithie treni, magorofa na euro. Mimi huwaambia, jamani, treni utaizoea kwa wiki moja, baridi utaizoea kwa miaka miwili, lakini namna Waholanzi wanavyosema na wanavyonyamaza, hiyo hata ukikaa miaka kumi bado kuna siku itakuacha mdomo wazi.

Kwa hiyo leo, msomaji wangu, sina hadithi ya kubeba maboksi wala ya kusaka karatasi. Hayo yamekwisha kuandikwa mpaka yamechuja. Leo ni soga ya salamu, ya kahawa na biskuti moja, ya neno "pole", na ya simu moja kutoka nyumbani iliyonifanya niwatazame upya watu wa huko na watu wa kwetu.

Mimi ni mtoto wa Kongwa, na siku hizi naishi Wageningen, mji mdogo kando ya mto Rhine. Pana chuo kikuu cha kilimo ambacho Watanzania wengi wa fani za kilimo na mifugo wamepitia. Nilikuja kusomea malisho ya ng'ombe. Mtu wa Kongwa hashangai kusikia hivyo, maana kwetu ranchi ipo na kituo cha utafiti wa malisho kipo. Kilichonishangaza mimi ni maji. Kongwa mvua ni ya msimu mmoja, ikigoma imegoma, na mama zetu wanajua maana ya kutembea na ndoo. Uholanzi karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, watu wanahangaika usiku na mchana kuyasukuma maji yatoke! Sisi tunayatafuta, wao wanayafukuza. Basi ujue hapo hapo kwamba unakwenda kuishi na watu ambao mambo yao mengi yanaanzia upande wa pili.

KARANGA NA JIBINI

Watu wa Kongwa na karanga tuna historia ndefu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakaona watayapata Tanganyika. Walioanza kuuendesha ni kampuni ya United Africa Company, tawi la Unilever, na Unilever wenyewe walikuwa ni ndoa ya Waingereza na Waholanzi. Matrekta yakaletwa, mibuyu ikawashinda, udongo wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua nayo ikafanya mambo yake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda na upepo. Wazee wetu wanaujua mchezo huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa fikiria mtoto wa Kongwa anafika Uholanzi, asubuhi ya kwanza anakaribishwa mkate, na juu ya mkate anapakwa nini? Karanga! Wanaiita pindakaas. Pinda ni karanga, kaas ni jibini, yaani wao wanasema "jibini ya karanga". Nikauliza, jibini iko wapi humu? Haimo. Basi kwa nini msiite siagi ya karanga kama wengine? Nikaambiwa kwamba kisheria neno siagi lilikuwa limelindwa, litumike kwa siagi ya kweli ya maziwa tu, isije ikamdanganya mnunuzi.

Wee acha tu! Taifa zima limekaa likatunga sheria ili mkate usiseme uongo. Nilicheka siku ile, lakini baadaye nikaona kwamba hapo ndipo penye ufunguo wa kuwaelewa watu hawa. Kwa Mholanzi neno lina kazi moja, nayo ni kusema kitu kilivyo. Kwetu neno lina kazi nyingi. Linapoza, linafunika, linamstahi mtu, na wakati mwingine linasema kitu kilivyo.

HOI, BASI!

Chukua salamu. Kongwa ukikutana na mzee njiani unamtupia "Mbukwenyi!" naye anaitikia, halafu ndiyo kwanza mambo yanaanza. Habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za mvua, za yule aliyekuwa anaumwa mguu. Hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako, utajibu kwanza kwamba ni nzuri, kisha ndipo utaongeza, "Ila tu, mzee wangu, nyumba inaungua." Kwetu hapo mtu hajadanganya. Amemheshimu mwenzake kwanza, halafu akampa habari.

Mholanzi anakwambia "Hoi!" na ameshapita. Ukimwuliza "Hoe gaat het?" yaani habari yako, atakujibu kwa neno moja. Ila usimwulize mara ya pili kwa kumkazia macho, maana atadhani unataka kujua kweli, akuhadithie figo zake zote mbili.

Na kwenye kazi ndiyo usiseme. Mtu anasimama mbele ya watu ishirini anasema, "Sura ya tatu ya kazi yako haina maana, iondoe." Hakuna "samahani", hakuna "nadhani", hakuna "naomba nichangie kidogo". Unabaki umekauka kama samaki wa Mtera. Unawaza, huyu bwana nimemkosea nini? Jioni ni yeye huyo huyo anakushika bega twende tukanywe bia, wala hakumbuki kwamba kakuua asubuhi. Kwake ameisema kazi, hakukusema wewe. Kwetu mtu na kazi yake ni kitu kimoja.

Lakini tusijifanye malaika. Sisi nasi tuna mahali petu pa kusema ukweli bila breki. Kuna mwenzetu mmoja Mtanzania, baada ya likizo ya kiangazi, alimpokea mfanyakazi mwenzake wa kike kwa furaha: "Umenenepa kweli!" Kwao Bongo hiyo ni sifa, maana yake maisha yamekukubali. Yule dada hakumsalimia mwezi mzima! Kwa hiyo tofauti si kwamba wao ni wakweli na sisi ni waficha siri. Kila mtu ana eneo lake la kusema wazi na eneo lake la kufunika.

BISKUTI MOJA

Mgeni kwa Mholanzi haji tu. Anapangiwa. Wana kitu wanakiita agenda, kijitabu zamani na simu siku hizi, na hapo ndipo urafiki unapoishi. Unamwambia mtu, tuonane. Anafungua, anapekua, anakwambia: "Alhamisi ya wiki tatu zijazo, saa nne asubuhi, hadi saa tano na nusu." Ukifika unapata kahawa. Kisha linafunguliwa kopo la biskuti, unachukua moja, na kopo linafungwa. Nasema linafungwa! Mtoto wa Kigogo aliyezoea sinia la ugali na bakuli la mlenda watu wakizunguka mpaka washibe, anakaa anakodolea kile kifuniko.

Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, ambayo ndiyo saa yao ya chakula, mwenyeji anaanza kuzungusha macho. Wengine wanakwambia wazi: "Sasa sisi tunakula." Maana yake wewe nyanyuka. Kwetu mgeni aliyekuta chakula hata awe ni wa kumdai mwenye nyumba ataambiwa karibu, na akikataa atalazimishwa hata tonge moja.

Mkienda kula nje kila mtu anajilipia. Tangu mwaka 2016 wana programu ya simu inaitwa Tikkie. Mkishaachana, simu inalia mfukoni, ni rafiki yako anakudai euro mbili na nusu za ile soda. Na hana aibu! Kwake deni likikaa linaoza urafiki, bora limalizwe leo leo.

Sikukuu ya kuzaliwa ndiyo kituko kikubwa. Viti vinapangwa duara, unaingia unampa mkono kila mtu na kumpongeza: pongezi kwa mumeo, pongezi kwa dada yako, pongezi kwa jirani yako. Yaani unampongeza hata ambaye hakuzaliwa siku ile! Na ili wasisahau siku za watu, kalenda ya kuzaliwa wanaitundika chooni. Ukiingia kujisaidia unatoka unajua shangazi yao anatimiza miaka lini.

Nisiwaonee lakini. Mholanzi akisema Alhamisi saa nne, saa nne yuko mlangoni, hata kama theluji inaanguka, yuko juu ya baiskeli kajifunika mpaka pua. Hakuna "niko njiani" ya mtu aliye bafuni. Nimeshasubiri watu Dodoma mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa mti. Wapo wanaotoa ahadi ili kukufurahisha tu, huku moyoni wanajua hawaji. Mholanzi akiwa haji anakwambia siji. Inauma dakika moja, kisha unaendelea na mambo yako.

NUSU KUMI

Lugha yenyewe nayo ni mtihani. Ile "g" yao inatokea kooni kama mtu anayetafuta kutema mfupa wa samaki. Lakini sisi wenye "kh" ya "kheri" tunaifikia, ndugu zetu wengine wanateseka kweli. Hesabu zinasomwa kinyumenyume. Ishirini na tano kwao ni tano na ishirini, hivyo mtu akikutajia namba ya simu haraka haraka unaandika madudu.

Saa ndiyo kiboko. Saa tatu na nusu ya asubuhi wao wanaita half tien, "nusu kumi", kwa maana kwamba nusu imebaki kuifikia kumi. Sasa Mswahili masikini anasikia "kumi", anaigeuza kichwani inakuwa saa nne, anaongeza ile nusu yake anapata saa nne na nusu, anafika saa nzima baadaye akitabasamu. Kuna mshikaji alikosa usaili wa kazi kwa hesabu hiyo hiyo.

Lakini pia kuna mahali lugha zetu zinapeana mikono. Wao kitu wanakidogosha kwa kukiwekea -je mwishoni, kama sisi tunavyoweka ki- mwanzoni. Nyumba ni huis, kijumba ni huisje. Kahawa utaletewa katika "kikombe kidogo" hata kikiwa kikubwa, bia ni "kibia", jua la dakika kumi ni "kijua". Ni namna yao ya kubembeleza. Mtu anayekatalia biskuti ya pili anaweza kukibembeleza kikombe. Sijui umenielewa?

Neno lililonitesa kuliko yote ni "pole". Hawana! Mtu akijikwaa mbele yako, ulimi wa Mswahili unatoka wenyewe. Ukisema "sorry" wanakujibu kwa mshangao, "Kwani ni wewe uliyenisukuma?" Wao "sorry" ni ya mwenye kosa. Wana neno moja linalokaribia, sterkte, maana yake nguvu. Mtu akiwa na mtihani mzito anaambiwa "nguvu", halafu anaachwa akazitafute mwenyewe hizo nguvu. Nililielewa vizuri neno hili kwa jirani yangu.

NIMEKUJA KUKAA

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa miaka sabini na kitu. Siku ya kwanza aliniamuru nimwite kwa jina lake la kwanza. Mimi nimwite mama wa umri huo jina lake kavu kavu, kama mtoto mwenzangu? Ulimi uligoma. Kumwita mama nako hakutaka, akasema, "Mimi si mama yako." Bahati nzuri lugha yao ina neno buurvrouw, yaani mama jirani, na wenyewe huitana hivyo bila tatizo. Tukakubaliana hapo. Mimi nikapata heshima yangu, yeye akapata ukweli wake.

Mume wake akafariki, mwezi wa Februari. Kadi ilikuja kwa posta, imeandikwa tarehe na saa: tano na robo. Kwao sheria inataka maiti izikwe au ichomwe baada ya saa 36 kupita na kabla ya siku sita za kazi kwisha, hivyo kuna muda wa kutuma makadi. Nilikwenda. Muziki ukapigwa, watoto wakasoma hotuba, watu wakapita wakimpa mkono na kumwambia "nguvu". Kisha kahawa na kipande cha keki. Saa saba mchana kila mtu kaondoka na gari lake.

Kesho yake jioni nikamwona kupitia dirishani, maana Waholanzi hawafungi mapazia. Yuko peke yake mezani, na taa moja. Msomaji, wewe unajua msiba wa kwetu. Turubai, mikeka, wanaume nje wanaota moto, wanawake ndani wamejaa mpaka mlangoni, daftari la rambirambi linazunguka, sufuria ziko jikoni, na mfiwa haachwi peke yake hata kwenda msalani. Mimi ningelalaje na ile taa moja?

Nikachemsha chai ya maziwa, nikatia kwenye chupa, nikagonga. Alifungua akatazama saa ya mkononi. "Tulikuwa na miadi?"

"Hapana, mama jirani. Nimekuja kukaa."

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kwetu mtu akifiwa hatumwachi peke yake."

Alisimama pale mlangoni, baridi inaingia. Halafu akasema, "Nusu saa." Nikaingia. Hatukuzungumza. Ile nusu saa ikapita, hakuitazama tena saa yake. Baadaye sana ndipo akaanza kunihadithia, na hadithi yenyewe ilinifundisha kitu. Daktari aliwaambia wote wawili, uso kwa uso, kwamba imebaki miezi mitatu. Hakuna kuzunguka. Walilia siku mbili. Kisha mume wake akachukua karatasi na kuanza kupanga: madeni ya kulipa, ndugu wa kupatana naye, nyimbo za kupigwa siku ile. Akamfundisha mkewe jinsi ya kuendesha mtambo wa kupasha nyumba joto, kitu ambacho mama wa watu hakuwahi kukigusa kwa miaka arobaini. "Ile miezi mitatu," akaniambia, "ilikuwa yetu. Hakuna aliyetuibia hata siku moja."

Nilirudi kwangu usiku wa manane. Jioni iliyofuata nikagonga tena, na hakutazama saa.

SIMU YA KONGWA

Ilipofika Oktoba ya mwaka huo huo, nilianza kuona simu za nyumbani zimebadilika. Baba mdogo ananipigia, tunasalimiana vizuri. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, mvua bado, wote wazima. Nikimwuliza mama: "Hajambo, amelala." Wiki nyingine: "Hajambo, ametoka kidogo." Nyingine: "Hajambo, simu yake haina chaji." Mama yangu si mtu wa kulala saa kumi jioni, na tangu aijue simu hajawahi kuiacha bila chaji.

Nikayataja hayo kwa mama jirani tukiwa kwenye kahawa. Akaweka kikombe chini. "Umezungumza naye mwenyewe?"

"Hapana. Wanasema hajambo."

"Hilo si jibu. Mama yako anaumwa. Wapigie uwaulize."

Msomaji, ilinichoma. Nani kamwambia kwamba mama yangu anaumwa? Kwetu maneno kama hayo ni uchuro. Lakini aliyasema akiwa amenishika mkono, yeye ambaye siku za mwanzo hata bega hakugusa mtu, na hakuinuka pale mpaka nikaichukua simu.

Nikampigia baba mdogo. Nikampa shikamoo yake kamili, nikauliza habari za wote, sikuruka hata moja. Kisha nikamwambia: "Baba mdogo, nakuheshimu sana. Naomba swali moja, unijibu ndiyo au hapana. Mama yuko hospitali?"

Simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha nikamsikia anashusha pumzi. "Ndiyo, mwanangu. Wiki ya tatu sasa. Kapata kiharusi."

Siku ya nne nilikuwa Dar es Salaam, nikapanda treni ya SGR kwenda Dodoma, nikaingia wodini jioni. Alikuwa hai, upande wa kulia umelegea, maneno yanatoka taratibu. Neno lake la kwanza halikuwa salamu. Aliuliza, "Nani kakwambia?" Na alikuwa amekasirika! Alimkasirikia baba mdogo kabisa kabisa.

Nikangoja siku mbili, alipopata nguvu nikamwuliza kwa nini walinificha. Hakufikiri hata kidogo. Alinijibu: "Ningekwambia ukiwa na nani? Wewe uko peke yako kule, kwenye baridi. Ungeanguka, nani angekudaka?"

Nimeligeuza geuza jibu hilo miezi mingi. Siku zote nilidhani watu wa kwetu huficha habari mbaya kwa sababu ya woga. Kumbe kuna utaratibu ndani yake. Kwetu habari nzito haipelekwi kwa mtu aliye peke yake. Ndiyo maana mtu akifiwa akiwa safarini, watu hutafutana kwanza, apatikane mjomba au rafiki aende akakae naye, kisha ndipo aambiwe. Ukweli unasubiri watu wafike. Waholanzi wao wanakupa ukweli hapo hapo, mzima mzima, halafu wanakwambia "nguvu" na kufunga mlango.

Kila utaratibu una bei yake. Kule mtu anapata miezi mitatu yake yote, halafu anafiwa na kubaki na taa moja. Kwetu mtu hakosi wa kumdaka, lakini anaweza kufika nyumbani akakuta kaburi limekwisha kuota majani. Vijana wenzangu wangapi walioko nje wamelipa bei hiyo? Mimi niliponea chupuchupu, na aliyeniponya ni mama wa Kiholanzi asiyejua kuzunguka maneno.

Niliporudi Wageningen alikuja mwenyewe, bila miadi, na keki nzima mkononi. Akataka kujua mama alisema nini. Nikamtafsiria: ungeanguka, nani angekudaka. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie nilikuwepo."

Nilimpigia mama siku hiyo hiyo nikamfikishia. Sasa kila nikipiga simu Kongwa, mama akishamaliza habari za wote anauliza, "Na yule mama yako mwingine?"

TAARIFA YA KIHOLANZI

Basi wewe kijana unayefungasha begi, iwe kwa masomo au kwa maisha, Uholanzi au kwingineko, nakupa ushauri wa bure. Kabla hujapanda ndege, kaa na wazazi mchague mtu mmoja nyumbani, mmoja tu, ambaye kazi yake ni kukwambia kitu kilivyo. Awe mtu mzima, asiwe wa kulia kwenye simu. Na wewe huko uendako tafuta mtu mmoja wa karibu, jirani, mfanyakazi mwenzako, hata mzee wa kanisani au msikitini, ambaye namba yake utawaachia watu wa nyumbani. Ili siku ikifika, yule wa nyumbani ajue hakupi habari ukiwa peke yako. Usingoje kuulizwa wala kuonewa huruma. Waholanzi hawaji mpaka uwaambie njooni, lakini ukiwaambia watakuja, na watafika saa ile ile.

Na nyie wazazi na ndugu mnaotusoma huku Bongo, msituhesabu kama watoto kwa sababu tuko mbali. Salamu tunaitaka yote, msiipunguze hata kidogo. Lakini ikiisha, tupeni na kilichobaki.

Mimi na baba mdogo tumeshaelewana. Ananipigia kila Jumapili. Tunaanza na shikamoo, tunapita kwa watoto, kwa majirani na kwa wachungaji, kote kuzuri, kote salama. Tukifika mwisho namwambia, "Haya, baba mdogo, sasa nipe taarifa ya Kiholanzi." Anacheka, anakohoa kidogo, kisha anaanza: mama anatembea na fimbo lakini dawa za asubuhi anaziruka, mahindi ya bonde la chini yameungua na jua, mbuzi wawili wameibwa, na ile hela uliyotuma haikutosha.